Nyayo na Ramli: Uhakiki wa Nadharia za Wapelelezi wa Ridhaa Kuhusu Kutoweka kwa Azory Gwanda, kwa Kusimama Mwanhuzi

Tarehe 21 Novemba 2017, Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiyaandikia magazeti ya Mwananchi na The Citizen, aliondoka Kibiti, mkoani Pwani, na hakurudi. Kwa maelezo ambayo mkewe aliyatoa hadharani, Azory alimfuata akiwa ndani ya gari jeupe aina ya Land Cruiser pamoja na watu wengine, akamuuliza ulipo ufunguo wa nyumba, akamwambia kwamba anakwenda safari ya dharura na kwamba huenda angerudi kesho yake. Mke aliporejea nyumbani aliikuta nyumba imepekuliwa. Katika miezi iliyotangulia Azory alikuwa ameandika habari za mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga; shambulio moja tu, la tarehe 13 Aprili 2017, liliwaua polisi 8. Hayo ndiyo yanayoweza kusemwa bila kubahatisha, nayo ni machache. Yaliyosemwa juu yake ni mengi mno.

Waliokizungumza kisa hiki katika miaka iliyofuata hawakuwa wapelelezi kwa taaluma. Walikuwa wasomaji wa magazeti, wasikilizaji wa redio, abiria wa mabasi, walimu, wauza duka na wanafunzi: watu wasio na mamlaka ya kuita shahidi wala ya kudai kumbukumbu za simu, ambao hata hivyo walipima ushahidi, wakapingana, wakajenga nadharia na kuzibomoa. Makala haya yanawaita wapelelezi wa ridhaa, kwa maana ileile inayotumika kwa wachezaji wasiolipwa. Kinachohakikiwa si ukweli wa nadharia zao, kwani hakuna uhakiki wa kifasihi uwezao kumpata mtu aliyepotea. Kinachohakikiwa ni umbo la nadharia hizo: zimejengwa kwa lugha gani, zimeazima wapi kanuni zake za kusadikisha, na zinamdai nani jibu.

Mahali pa kusimamia uhakiki huu ni Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu. Uchaguzi huo unaweza kumshangaza msomaji, maana Kibiti iko karibu na Bahari ya Hindi ilhali Meatu iko kusini-mashariki ya Ziwa Viktoria, upande wa pili wa nchi. Sababu yake ni kwamba sehemu hii ya Usukuma ina utamaduni wake wa upelelezi wa raia, wenye kanuni, istilahi na makosa yanayofahamika vizuri kuliko ya mahali pengi Tanzania. Utamaduni huo una njia mbili za kumfikia mtenda. Moja ni kufuata nyayo, nyingine ni kupiga ramli. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mjadala wa kutoweka kwa Azory umeifuata zaidi njia ya ramli, hata pale wajadili walipojiona kuwa watu wa mantiki tupu. Na kwamba njia ya nyayo, ambayo haianzi kwa kumtaja mkosaji bali kwa kumtaja anayewajibika kujibu, ilikuwa na nguvu zaidi, ingawa ilitumiwa kwa nadra.

Kitenzi kama nadharia

Nadharia nyingi katika mjadala huu hazikutamkwa kama nadharia. Zilitamkwa kama vitenzi. Msemaji aliyechagua kitenzi kimoja badala ya kingine alikuwa amekwisha kuamua nani ahojiwe na nani aachwe, mara nyingi kabla ya kutoa hoja hata moja.

Kupotea ndicho kitenzi kipole kuliko vyote. Mbuzi hupotea, mtoto hupotea sokoni, ufunguo hupotea. Kiima cha kitenzi hiki ndicho pia mwenye msiba, na hakuna wa kulaumiwa ila labda mwenyewe kwa kutokuwa mwangalifu. Kutoweka, ambacho ndicho kitenzi kilichozoeleka magazetini, kinaongeza ughafla na dokezo la mashaka, lakini nacho hakina mtenda. Umbo lake linafanana na kauli ya kutendeka, na hali yake ni hiyohiyo: jambo limetokea lenyewe. Anayetaka kumwingiza mtenda hana budi kuzunguka, apitie kutowesha ndipo afike kutoweshwa, neno zito mdomoni ambalo kwa kiasi kikubwa limebaki katika tafsiri za nyaraka za haki za binadamu. Umoja wa Mataifa ulipopitisha mwaka 2006 Mkataba wa kuwalinda watu wote dhidi ya kutoweshwa kwa nguvu, ulitaja kosa ambalo Kiswahili cha kila siku kilikuwa bado hakina neno lake la kawaida. Hilo si dogo. Jamii isiyo na neno jepesi kwa jambo fulani hulazimika kulijadili kwa maneno ya jambo jingine.

Kutekwa ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa ina sifa moja ambayo wapelelezi wa ridhaa waliihisi bila kuhitaji mwalimu wa sarufi: mtenda anaweza kuachwa asitajwe, lakini kiti chake kinabaki. Anayeambiwa kwamba Azory alitekwa atauliza, na nani? Anayeambiwa kwamba alitoweka hana swali hilo mkononi. Atauliza tu, lini na wapi. Ndiyo maana ubishi juu ya maneno haya mawili, ambao kwa mgeni ungeonekana kuwa wa kitoto, ulikuwa ubishi wenyewe.

Kuna kitenzi cha mtaani kinachostahili kukaziwa macho zaidi, nacho ni kupotezwa. Kumpoteza mtu, katika lugha ya siasa ya miaka hiyo, kulikuja kuwa na maana ya kumwondoa duniani bila kuacha alama. Lakini mzazi aliyefiwa naye husema, tumempoteza mtoto wetu. Mzizi ni mmoja na kiambishi cha kutendesha ni kilekile. Ila katika sentensi ya kwanza kiima ni mkosaji, na katika ya pili kiima ni mfiwa. Familia ya mtu asiyejulikana alipo imewekwa katikati ya sentensi hizo mbili. Haiwezi kusema ya kwanza kwa kuwa haimjui mtenda, wala haiwezi kusema ya pili kwa kuwa hakuna maiti iliyolazwa wala matanga yaliyoanuliwa. Lugha imewapa kitenzi, lakini hakuna kiima wanachoweza kukiweka mbele yake.

Mwishoni kuna vitenzi vya kiambishi -ji-: amejificha, amejiteka. Hapa mtenda na mtendwa ni mtu mmoja, na nadharia nzima imebebwa na silabi moja. Ni nadharia rahisi kuliko zote, kwa maana ya gharama: haihitaji gari, haihitaji watu wa ndani ya gari, haihitaji sababu ya nje. Na kwa sababu mtuhumiwa wake pekee hayupo kujitetea, haiwezi kukanushwa na mtu yeyote isipokuwa kwa mwenyewe kuonekana, akiwa hai au maiti. Athari yake kwa waliobaki ni kubwa. Ikiwa Azory alijificha, basi mke aliyesimulia habari ya ufunguo ama ameachwa ama anashirikiana naye, na msiba wake wote unageuka kuwa maigizo. Wapelelezi wa ridhaa walioitamka nadharia hii kwa wepesi hawakuelekea kuona kwamba walikuwa wamemshtaki mtu wa pili.

Maiti ya Bwana Msa

Wasomaji wa Kiswahili hawakujifunza kupeleleza kutoka kwa polisi peke yao. Tangu Muhammed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, riwaya ya upelelezi imekuwa miongoni mwa aina za fasihi zilizosomwa sana kwa lugha hii. Bwana Msa, mpelelezi wake, si askari. Ni mtu mwenye kiko, mwenye wakati wa kufikiri, mwenye rafiki wa kumsikiliza, Najum. Anapelekewa mafumbo kwa sababu ya akili yake. Yeye ndiye baba wa wapelelezi wa ridhaa. Waliomfuata walikwenda njia nyingine: Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alimweka mbele Inspekta Wingo, mtu wa dola, Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alimuumba Willy Gamba, jasusi wa dola, Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango, ambaye anajitegemea lakini ana mbio na risasi kuliko tafakuri. Mjadala unaozungumzwa hapa ulirudi kwa Bwana Msa, kwa kuwa wajadili hawakuwa na silaha wala cheo. Walikuwa na habari za gazetini na mazungumzo tu.

Tatizo ni kwamba mkataba wa riwaya hiyo hautimiziki katika kisa cha mtu aliyetoweka. Bwana Msa huanza na maiti. Kifo kimethibitika, na swali lililobaki ni nani na kwa nini. Msomaji anavumilia kurasa nyingi za shaka kwa sababu ameahidiwa kwamba katika kurasa za mwisho watu watakusanywa na fumbo litafunguliwa. Kisa cha Kibiti hakina maiti mwanzoni wala ahadi mwishoni. Aliyelelewa na riwaya akikutana na kisa cha namna hiyo hushawishika kukamilisha kilichopungua: huipata maiti kwa kukisia, kisha huanza kupeleleza kuanzia hapo. Nadharia nyingi zilizodai kueleza nani alimuua Azory zilikuwa tayari zimefanya kazi ya kumuua, kimyakimya, katika sentensi yao ya kwanza.

Lakini riwaya za Abdulla zina funzo jingine ambalo wajadili wengi hawakulichukua. Jina la Mzimu wa Watu wa Kale lenyewe ni nadharia ya uongo. Wapo wanaoweza kuridhika kwamba mzimu umefanya kazi yake, na mwuaji anategemea hivyo. Kisima cha Giningi, iliyotoka mwaka 1968, nayo imebeba katika anwani yake mahali pa wachawi wa masimulizi ya Unguja, kisha ikamrudisha msomaji kwa binadamu wenye tamaa zao. Kazi ya kwanza ya Bwana Msa, kabla ya kumtaja mkosaji, ni kuuondoa mzimu njiani.

Mzimu wa kisa cha Azory unaitwa watu wasiojulikana. Maneno hayo yalikuwa kwa muda mrefu kauli ya kawaida ya habari za uhalifu, iliyomaanisha tu kwamba wahusika hawajatambuliwa. Baada ya Tundu Lissu kupigwa risasi mjini Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, na visa vingine vya mwaka huo na ule uliotangulia, likiwemo la Ben Saanane wa CHADEMA aliyetoweka Novemba 2016, kauli hiyo iligeuka kuwa jina. Ilianza kubeba sifa kama mhusika wa hadithi: watu wasiojulikana wana magari, wana subira, wanafika popote, hawakamatwi. Wengi waliitumia kwa kejeli, wakimaanisha kwamba wanajulikana sana. Kejeli hiyo ilikuwa na ujasiri wake katika mazingira yake na haifai kudharauliwa. Hata hivyo ilifanya kazi ya mzimu. Mhusika asiye na uso akishakubalika kuwa mtenda wa kila jambo, ushahidi wa kila jambo moja moja unakosa thamani, kwa kuwa jibu linajulikana kabla ya swali.

Nyayo na ramli Meatu

Huko Meatu, kama katika sehemu kubwa ya Usukuma, mifugo ni akiba, mahari na heshima, na wizi wa ng'ombe ndio uliozaa kanuni za upelelezi wa raia. Ng'ombe wakiibwa hupigwa mwano, yaani yowe la kuwaita watu, na anayelisikia ana wajibu wa kutoka. Asiyetoka hutozwa faini. Jeshi la jadi la sungusungu, lililoenea miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na baadaye kutambuliwa na serikali, liliutia wajibu huo katika utaratibu wenye viongozi, vikao vya dagashida na adhabu. Jambo la kuzingatia ni mpangilio wake: kutafuta kunatangulia kudhani. Hakuna anayeuliza kwanza nani ameiba. Watu huzitafuta nyayo.

Kanuni ya nyayo yenyewe ni fupi. Nyayo za ng'ombe hufuatwa mpaka zinapoishia. Zikiingia katika eneo la kijiji fulani, wenyeji wa kijiji hicho ndio wanaotakiwa kuonyesha zilikotokea. Wakizionyesha, mzigo unahamia kijiji kinachofuata. Wakishindwa, wanawajibika kwa ng'ombe. Kijiji hakiambiwi kwamba kimeiba; kinaambiwa kwamba kinadaiwa maelezo. Kanuni hii ina dhuluma yake, kwani wakazi wasio na hatia hulipa pamoja na wenye hatia, na nyayo zinaweza kupelekwa kwa makusudi kwenye ardhi ya adui. Pamoja na hayo, ina sifa moja ambayo ni adimu katika upelelezi wa raia: inadai jibu bila kuhitaji jina.

Ramli hufanya kinyume. Anayekwenda kwa mfumu huenda na dukuduku lake tayari. Mfumu akisoma viungo vya ndani vya kuku hatamki jina. Hutoa muhtasari wa umbo: ni jirani, ni mwanamke, ni mtu mzima, ana macho mekundu. Jina hujazwa na mteja. Matokeo yake Usukumani yanajulikana. Wanawake wazee, ambao macho yao yamefanywa mekundu na miaka ya kupikia samadi kavu na mabua ya pamba, wameuawa kwa mapanga kwa sababu walilingana na muhtasari. Mauaji ya watu wenye ualbino nayo yalihusishwa na waganga, na serikali ilijaribu kuchukua hatua: mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi, na Januari 2015 ikatangazwa marufuku dhidi ya wapiga ramli, muda mfupi baada ya mtoto mmoja mwenye ualbino kunyakuliwa usiku wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Yeyote anayedhani kwamba nadharia za watu wasio na mamlaka ni maneno matupu yasiyomdhuru mtu angefaa kuikumbuka historia hii.

Mjadala wa Azory, ukipimwa kwa vigezo hivi, unaonekana kuwa umeegemea ramli kwa namna ya kushangaza. Nadharia zilizoshindana zilitoa muhtasari wa umbo na kumwachia msikilizaji ajaze jina. Mfano mzuri ni lile gari. Kwa wengi waliojadili, Land Cruiser nyeupe ilikuwa imekwisha kutaja mwenyewe. Walisema ni gari la dola, na hoja ikafungwa. Akisimama Mwanhuzi, mtu anaisoma alama hiyo kwa uangalifu zaidi. Meatu inapakana na Pori la Akiba la Maswa, na katika barabara zake Land Cruiser ni gari la hospitali, la mradi wa maji, la kampuni ya uwindaji, la padri, na la serikali pia. Aina ya gari ni alama halali, lakini ni muhtasari, kama macho mekundu yalivyo muhtasari. Hili halimaanishi kwamba waliolihusisha gari na dola walikosea. Lina maana kwamba walichokuwa nacho hakikutosha kwa uhakika waliousema.

Nadharia ya upande wa pili, kwamba Azory alichukuliwa na wauaji walewale aliowaandika, ilikuwa na udhaifu mwingine. Inaeleza sababu vizuri, lakini inaeleza mwenendo vibaya. Mtu aliyeshikwa na wauaji anapelekwa kwa mkewe kuuliza ufunguo mchana wa watu? Watetezi wake walijibu kwamba huenda aliwaamini waliokuwa naye kwa kuwa walikuwa vyanzo vyake vya habari. Jibu hilo linawezekana, ila linahitaji watu wapya, uhusiano mpya na udanganyifu mpya, na kila nyongeza haina ushahidi wake. Nadharia ya namna hii hukua kama nyumba inayoongezwa vyumba bila msingi.

Inasikitisha kwamba ufunguo, ambao ndio unyayo ulio wazi kuliko wote, haukufuatwa kwa bidii iliyotumika kulifuata gari. Swali kuhusu ufunguo linaonyesha kwamba ndani ya lile gari palikuwa na haja ya kuingia nyumbani. Nyumba kukutwa imepekuliwa kunaonyesha kwamba haja hiyo haikuwa ya kuchukua nguo za safari. Ukifuatwa kwa utaratibu wa Meatu, unyayo huu ungeleta maswali ya kawaida kabisa: nini kilikuwamo, nini hakikuwamo baadaye, nani jirani aliyeona mlango ukifunguliwa, na habari ipi ilikuwa bado haijachapishwa. Hakuna swali kati ya hayo linalohitaji kumtaja mtuhumiwa. Yote yanadaiwa kwa mtu mmoja, naye ni mwenye dhamana ya upelelezi.

Siku nyayo zilipoonekana

Wakati mmoja mjadala ulibadilika. Tarehe 10 Julai 2019, Waziri wa Mambo ya Nje, Profesa Palamagamba Kabudi, akihojiwa kwa Kiingereza na BBC, alizungumza kwa namna iliyoeleweka na wengi kuwa Azory alitoweka na kufa. Baadaye ilifafanuliwa kwamba kauli hiyo haikuwa uthibitisho wa kifo chake. Kati ya kauli na ufafanuzi wake, wapelelezi wa ridhaa walifanya kazi yao bora kuliko wakati wowote.

Kuitia kauli hiyo katika Kiswahili kulilazimu uchaguzi. Mtu anaweza kusema alitoweka na kufa, ambapo kufa hakuna kiambishi cha njeo wala cha nafsi, kumening'inia tu kwenye kitenzi kilichotangulia. Au anaweza kusema alitoweka akafa. Kiambishi -ka- ni cha msimulizi anayejua mfuatano: hili lilikuja, likafuatwa na lile. Ndicho kinachobeba hadithi za Kiswahili mabegani, na anayekitumia anajitangaza kuwa ama alikuwapo ama alisimuliwa na aliyekuwapo. Watu wengi walilisikia hilo papo hapo. Kwa siku chache hawakushindana kutoa nadharia. Waliuliza jambo moja: mwenye kauli amejuaje? Ameambiwa na nani, amesoma taarifa gani, maiti ilizikwa wapi? Mwandishi aliyetoweka Kibiti alikuwa ametajwa na kinywa cha serikali kana kwamba habari zake zinajulikana huko. Nyayo, kwa lugha ya Meatu, zilikuwa zimeingia kijijini mchana kweupe, na wenye kijiji walidaiwa kuonyesha zilikotokea. Hoja hiyo haikutegemea kama serikali ilihusika na kutoweka kwake au la. Hata mtu aliyeamini nadharia ya wauaji wa Rufiji aliweza kuidai kwa nguvu ileile.

Ufafanuzi ulipotolewa, -ka- iliondolewa, na mjadala ulirudi haraka katika kambi zake za awali. Hapo ndipo palipo na kasoro kubwa ya wapelelezi wa ridhaa. Walikuwa na swali lisilohitaji nadharia, wakaliacha na kuzirudia nadharia zisizojibu swali. Sababu mojawapo bila shaka ni hofu. Kudai maelezo kwa aliye na dhamana kulikuwa na gharama ambayo kukisia juu ya watu wasiojulikana hakukuwa nayo. Mhakiki anayelisahau hilo atawadai raia ushujaa ambao yeye mwenyewe hajaombwa. Lakini sababu nyingine ni ya kifasihi. Nadharia ina raha ya kumaliza. Dai la maelezo halina raha yoyote. Linapaswa kurudiwa kesho kwa maneno yaleyale.

Kati ya matini zote zilizozaliwa na kisa hiki, iliyoweza kurudia hivyo ni moja, nayo haikuandikwa na mpelelezi. Magazeti ya Mwananchi na The Citizen yalikuwa yakichapisha idadi ya siku zilizopita tangu Azory aonekane mara ya mwisho. Kwa mtazamo wa uhakiki, hiyo ni matini ya ajabu. Haina mtenda, lakini haijifichi nyuma ya kutoweka, kwa kuwa namba inayoongezeka kila siku inamkumbusha msomaji kwamba kuna anayedaiwa. Haisemi kwamba yu hai wala kwamba amekufa. Haina nafasi ya -ji- wala ya -ka-. Wapo walioibeza wakisema kwamba kuhesabu hakumpati mtu, na ni kweli. Lakini nadharia nazo hazikumpata, na hesabu haikumshtaki mke wa mtu wala kumzika mtu bila maiti. Linganisha na kisa cha mfanyabiashara Mohammed Dewji, aliyetekwa Dar es Salaam tarehe 11 Oktoba 2018 na kupatikana tarehe 20 ya mwezi huohuo: nadharia zilizotolewa katika siku hizo 9 zilikuwa nyingi, na kurudi kwake hakukuzimaliza, ila kulizigeuza kuwa nadharia za namna alivyorudi. Hesabu ya siku, kinyume chake, ingekoma papo hapo.

Sheria nayo ina hesabu yake. Mtu asiyesikika kwa muda uliowekwa, na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake, anaweza kudhaniwa na mahakama kuwa amefariki, ili mambo ya ndoa na mali yapate njia. Dhana hiyo ya kisheria ni huruma kwa waliobaki, na wala haifanani na nadharia za mitaani, kwa sababu inakiri waziwazi kuwa ni dhana. Lakini inamhusu mtu aliyepotea kwa maana ya kitenzi kile kipole cha kwanza. Haimuulizi yeyote ufunguo uliombwa kwa ajili ya nini. Tarehe 21 Novemba 2022 zilitimia siku 1,826, na swali hilo lilikuwa bado pale lilipoachwa, kwenye mlango wa nyumba moja ya Kibiti.